Naomba ushauri: nitaipimaje rekodi ya jukwaani ya Requiem ya Verdi?

Chelo Kimya (mleta uzi):
Wakuu, salaam. Kwaya yetu inajiandaa kuimba Requiem ya Verdi, yaani misa ya wafu ya mtunzi Mwitalia, na mwalimu amenipa kazi ya kuteua rekodi moja ambayo kila mtu ataisikiliza nyumbani. Ninayo moja ya jukwaani, watazamaji wamo. Inasisimua sana, sehemu ya Dies irae (Siku ya Ghadhabu) inakuja kama bati linaezuliwa. Lakini kuna vikohozi, kwaya inasikika nyuma ya okestra, na mahali fulani nahisi waimbaji wa tenor (sauti ya juu ya kiume) wanashuka chini ya noti. Mwishoni ukumbi mzima unalipuka kwa makofi. Rafiki yangu anashikilia kwamba za studio ndizo sahihi, za jukwaani ni za mashabiki. Nota nasoma, mambo ya mitambo sijui. Nianzie wapi?

Sauti ya Nne:
Mkuu, makofi yaweke kando kabisa. Mtu aliyekaa ukumbini dakika 80 na ushee anashangilia hata pumzi aliyokuwa ameizuia.

Halafu usilichukulie neno "jukwaani" kama kiapo. Rekodi nyingi za namna hiyo zimeunganishwa kutoka maonyesho mawili matatu, pamoja na vipande vilivyorudiwa ukumbi ukiwa mtupu. Hata ile maarufu ya kondakta (mwongoza okestra) Toscanini, ukumbi wa Carnegie Hall, New York, Januari 1951, ilipotolewa kwenye santuri ilikuwa imetiwa viraka kutoka kwenye mazoezi. Haikuharibika kwa hilo. Ila ukisikia ukurasa msafi kupita kiasi katikati ya vikohozi, ujue sababu.

Fundi Mitambo:
Nijibu hilo la kwaya kuchelewa, maana hapo waimbaji huonewa sana. Kwaya hukaa nyuma ya okestra. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo maiki kuu ikiwa karibu na kondakta na kwaya ikiwa mita 15 nyuma, sauti yao inafika imechelewa sekunde 0.04 hivi, hata kama wamemfuata fimbo kwa fimbo. Uchelewaji wa umbali haubadiliki. Wa uzembe huja na kuondoka. Nenda sehemu ya Sanctus, pale kwaya mbili zinapofukuzana: wakibaki nyuma kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, ni maiki. Wakichelewa hapa na kukimbia pale, ni wao.

Jambo jingine. Sikiliza mwanzo kabisa, chelo zinapoingia kwa kunong'ona, kisha ruka hadi pigo la kwanza la Dies irae bila kugusa kitufe cha sauti. Ukiona vinakaribiana kwa ukubwa, kuna mtu aliyeibana sauti kwenye mitambo. Usimlaumu kondakta kwamba hajui kunong'ona. Na kwenye sehemu ya Tuba mirum tarumbeta 4 ziko ndani ya okestra, nyingine 4 ziko mbali, hazionekani. Zote zikisikika kama zimekaa benchi moja, hilo ni kosa la fundi mwenzangu.

Mwalimu wa Zamu:
Ukiwa na nusu saa tu, fungua sehemu ya Agnus Dei. Soprano na mezo (sauti ya kike iliyo chini ya soprano) wanaimba wimbo mmoja, wametengana oktava (ngazi nane), bila ala hata moja, baa 13. Kisha kwaya na okestra wanaurudia. Hakuna pa kujificha: wale wawili wakishuka hata kidogo, okestra ikiingia tu unasikia sakafu imehama. Studio wangerudia hadi ikae. Jukwaani walipewa nafasi moja, ndiyo maana ikikaa nawavulia kofia.

Baada ya hapo nenda sehemu ya mwisho, Libera me, kile kipande cha "Requiem aeternam" ambacho kwaya na soprano wanaimba peke yao, soprano anamalizia noti ya B flati ya juu kwa sauti nyororo kuliko zote. Na usikilize "s" ya neno la Kilatini "eis". Kwaya kubwa iliyofundishwa vizuri inaitoa pamoja. Isiyofundishwa inasikika ikitoa "s" ishirini.

Alto Mkaidi:
Mimi nawapinga kidogo. Noti zote zikiwa sahihi na hakuna anayeogopa chochote, kwaya itajifunza nini? Chukua kipande cha Mors stupebit, mwimbaji wa besi anavyolirudia lile neno "mors" (kifo) peke yake, na kimya katikati. Ukumbini kimya kile kina watu ndani yake, na mwimbaji mwenye akili anakivuta mpaka karibu kikatike. Sijasikia studio ikifanya hivyo. Na ile ngoma kubwa ya Dies irae: Verdi aliagiza ngozi ikazwe ili mapigo yatoke makavu na makali. Ikisikika kama godoro, mimi nazima.

Kikohozi Na. 1:
Vikohozi tuachieni wenyewe, sisi ndio tuliolipa kiingilio 😂

Chelo Kimya:
Nimerudi, asanteni. Sanctus kwaya iko nyuma kwa kiasi kilekile mwanzo mwisho, basi ni maiki. Agnus Dei imekaa, okestra imeingia bila mshtuko. Ngoma kavu. Kikohozi kimoja kimeangukia hasa katikati ya "mors", sina la kufanya. Tatizo ni pale Libera me: kwaya imeshuka polepole, waimbaji wa tenor wakiongoza msafara, na soprano alipopanda B flati yake ikiwa safi, pengo likasikika wazi.

Mwalimu wa Zamu:
Hapo huzama kwaya nyingi. Wape hiyohiyo, ila ukurasa ule mmoja wausikilize kutoka rekodi ya studio, hasa waimbaji wa tenor. Na angalia kasi ya mwanzo: Verdi ameandika robo noti 80 kwa dakika, makondakta wengi wanakwenda taratibu zaidi. Mwulize mwalimu wenu yeye atakwenda na ipi kabla hamjazoea ya kwenye rekodi.