Mdogo wangu anatoka Mbeya kwenda kusoma Salamanca: karatasi, unga na saa

Sokomatola_Juu:
Wakuu, habari za jukwaa. Mdogo wangu anakwenda Salamanca, Hispania, mwezi wa tisa, mwaka mzima wa masomo. Viza tayari, Kihispania anajifunzia kwenye simu. Mwezi wa kwanza aanze na lipi? Na ugali je? Maana huyu asipokula ugali anasema hajala.

Gangilonga:
Kamwene mkuu. Aanze na karatasi. Kwa masomo ya zaidi ya miezi sita, ana siku 30 tangu aingie za kuomba kitambulisho cha mgeni, kinaitwa TIE. Miadi ya polisi (cita) inashikwa mtandaoni na nafasi huisha upesi, kwa hiyo aanze kuitafuta wiki ileile ya kufika. Huku akisubiri, aende halmashauri ya mji na pasipoti na mkataba wa chumba kuandikisha makazi. Hiyo ndiyo empadronamiento. Siku ya miadi abebe fomu EX-17, pasipoti na kopi yake, picha, na risiti ya ada ya fomu 790-012. Ada inalipwa benki kabla, si pale dirishani.

Wengi wanakwama kwenye majina. Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama. Karani akiona majina yetu matatu, la katikati analigeuza kuwa la ukoo. Halmashauri wakiandika hivi na polisi vile, karatasi hazioani tena. Jina la ukoo la kwenye pasipoti liingie "Primer apellido", na "Segundo apellido" paachwe wazi. Asome kabla ya kusaini.

Mama_Ndizi_Tukuyu:
Ugali upo, tatizo ni kununua unga usio wenyewe. Pakiti nyeupe iliyoandikwa "harina de maíz precocida" ni mahindi yaliyokwisha kupikwa, ya kutengenezea arepa, vile vimkate vya Walatino. Ukiumwaga kwenye maji yanayochemka kama sembe, unafanya mabuja papo hapo, na ukisongeka unanata kama gundi. "Maicena" ndiyo kabisa asiguse, ile ni wanga wa kufanya mchuzi uwe mzito. Atafute "harina de maíz" tupu, isiyo na neno precocida, kwenye maduka ya Waafrika au ya Walatino. Akikosa, achukue polenta isiyo "instantánea" (ya papo hapo). Ni ya njano na chenga zake ni kubwa, hivyo uji wake uchemke dakika 10 hadi 15 ndipo aongeze unga na kusonga. Akifanya haraka, ugali utakuwa na mchanga mdomoni.

Ndizi za kupika aombe "plátano macho", mbichi ni "verde". Akisema plátano tu atapewa za kuiva. Chai ya maziwa ajichemshie mwenyewe. Mgahawani ataletewa maji ya moto na kijipakiti.

Mwalimu_wa_Uyole:
Kuhusu saa: "a las dos" ni saa nane, si saa mbili. Aongeze sita kila mara, na ikizidi kumi na mbili atoe kumi na mbili, la sivyo darasa litampita. Chakula cha mchana huliwa saa nane mpaka saa tisa na nusu, cha usiku saa tatu au nne. Maduka madogo mengi hufungwa kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni, na Jumapili karibu yote. Akipiga simu nyumbani, sisi tuko mbele kwa saa mbili majira yao ya baridi, na saa moja majira ya joto.

Matamshi, Kiswahili kinambeba. Irabu ni zilezile tano. Z yao ni th ya "thamani", j ni kh ya "kheri", ñ ni ny ya "nyumba", h haisomwi. Ila kama ulimi unachanganya r na l, afanye mazoezi: pelo ni nywele, pero ni lakini, perro ni mbwa. "Ser" na "estar" asiziogope, ni kama "ni" na "yuko": soy estudiante (mimi ni mwanafunzi), estoy en casa (niko nyumbani).

Sokomatola_Juu:
Asanteni sana. Chaja za huku zitaingia?

Gangilonga:
Umeme ni volti 230 kama kwetu, ila soketi zao ni za pini mbili za duara. Anunue adapta mbili hapo Mwanjelwa kabla hajapanda basi.