Tupeane uzoefu: sisi watu wa visiwani na stesheni za treni

MWENYE MADA (Malindi, Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mwanangu, anakwenda kuanza chuo Dodoma. Tumepanda boti ya asubuhi, tumeshuka Dar, tukakokota masanduku hadi stesheni ya SGR, ile reli mpya ya umeme. Nilipofika pale nikasimama. Mtoto ananivuta mkono, "Baba twende, watafunga geti," na mie nimeinua uso nalitazama lile jengo refu la vioo lililochongwa mfano wa jiwe la tanzanite, na jirani yake stesheni ya zamani. Nikamwambia, unajua kwamba sisi tulikuwa na reli kabla ya hawa? Akanikodolea macho.

Ni kweli, na inaniuma kwamba mtoto niliyemlea Malindi hajui. Sultani Barghash wa Zanzibar alitandika reli kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani mwaka 1879, maili 7. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, na mwaka 1881 ikaja injini ya mvuke kutoka Uingereza. Mjerumani alipoanza kujenga reli ya kati pale Dar, mwaka 1905, ya Barghash ilikwishang'olewa, na sisi tunaingia kwenye reli ya pili: ile ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, nayo maili 7. Mwanzo wa safari ulikuwa Ngome Kongwe. Pale pale tunapokwenda kusikiliza muziki wa tamasha la Sauti za Busara, watu walikuwa wakingojea garimoshi.

Mie nimezaliwa hatua chache kutoka hapo na sijabahatika kuona hata kibao kinachosema hivyo. Wazee waliokuwa wakituhadithia wanamalizika.

Basi naomba tupeane. Mwenye alichohadithiwa na bibi au babu yake kuhusu reli zetu, akiweke hapa. Asiye nacho, atuhadithie mara yake ya kwanza kufika stesheni, popote pale. Sisi ni watu wa boti, na mtu wa boti akifika stesheni ana lake la kusema.

BI MKUBWA WA BUBUBU

Waalaykum salaam mwanangu. Umenikumbusha mbali.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kibweni. Amefariki mimi nishaolewa, kwa hivyo hadithi zake nimezisikia mara nyingi, na kila mara ni zile zile, hakuongeza wala hakupunguza. Alikuwa msichana mdogo, wanampeleka mjini na mama yake kuuza embe na mashelisheli. Wanapanda na vikapu vyao, wengine na kuku, na yule wa kuku hapendwi. Alikuwa akisema njia ya mjini ilikuwa nyembamba, garimoshi likipita baina ya nyumba unaweza kunyoosha mkono ukagusa mlango wa mtu. Waliokuwa barazani wananyanyua miguu. Na cheche! Kanga yake moja ilitobolewa na cheche, tundu tatu, akaivaa hivyo hivyo mpaka ikachakaa, kwa sababu ile kanga alinunuliwa na baba yake.

Lilikuwapo na behewa la daraja la kwanza kwa wageni wa meli. Meli ikitia nanga, wageni wanateremka, wanapandishwa, wanapelekwa kutazama mashamba na mikarafuu, wanarudishwa kabla meli haijaondoka. Bibi akisema wale hawakuwa na vikapu, walikuwa na miavuli.

Watu husema jina Bububu limetokana na mlio wa treni. Bibi akikasirika akilisikia hilo. Akisema mji ulikuwa na jina lake kabla ya garimoshi, na kinachofanya bu-bu-bu ni maji ya chemchem yanapochemka kutoka ardhini.

MWENYE MADA

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsante sana. Mimi nasimama upande wa bibi yako. Chemchem za Bububu ndizo zilizoletwa mjini kwa mifereji enzi za Barghash huyo huyo, kabla ya reli ya Wamarekani kufikiriwa. Hiyo kanga ya tundu tatu nimeiandika kwenye daftari langu.

MSAFIRI WA WETE

Kwetu Pemba reli haijapata kufika, kwa hivyo sina cha babu. Nina changu mwenyewe.

Mwaka 1988 nilipata kazi Mwanza. Nilikuwa na miaka 22, sijapata kwenda mbali kuliko Dar. Nikafika stesheni jioni nikakuta watu wamelala chini juu ya mikeka, watoto, magunia, majiko, nikadhani pametokea maafa. Kumbe wanasubiri treni. Nikatandika shuka na mie. Mama mmoja Mnyamwezi, mtu mzima, akanisogezea kipande cha mkeka akaniuliza, "Mwanangu wa pwani, unakwenda wapi?" Nikamwambia Mwanza. Akasema basi tutakwenda pamoja hadi Tabora, mimi nashuka pale.

Daraja la tatu, benchi ngumu, dirisha wazi. Kila stesheni ni soko. Treni haijasimama sawasawa, watu wameshajaa chini ya madirisha na mabeseni kichwani: kuku wa kukaanga, viazi vitamu, mayai, karanga, na tulipoingia Tabora, asali ndani ya chupa. Mie mtoto wa Wete nilizoea kwamba chakula cha safari ni mkate wa kumimina aliokutilia mama kwenye kitambaa, na bahari ikichafuka huli chochote. Humu watu wanakula mchana kutwa na sakafu haitikisiki kama jahazi. Nililipenda hilo kuliko yote.

Sasa Tabora ndipo reli inapogawika, moja inakwenda Kigoma, moja inakwenda Mwanza, na mabehewa yanatenganishwa hapo. Mie hilo silijui. Nilishapata rafiki, kijana wa Ujiji, nikamfuata behewa lake tukawa tunazungumza. Mizigo yangu yote iko behewa langu. Injini zinakwenda, zinarudi, mabehewa yanagongana, mie nacheka tu. Yule mama alikuwa ameshashuka, ameshapokewa na wajukuu zake, mzigo uko kichwani. Akageuka akaniona dirishani. Akapiga kelele: "Weee mtoto wa pwani! Hilo la Kigoma! Si ulisema Mwanza?"

Niliruka. Nilikimbia juu ya kokoto na kandambili moja, nyingine imebaki huko. Nikapanda langu, nikakuta sanduku lipo, na ndani ya sanduku barua ya kazi na pesa zote nilizopewa na ami yangu. Nilipochungulia nje kumshukuru, alikuwa ameshaondoka. Sikuwahi kumuuliza jina. Mpaka leo nikisikia neno Tabora humuombea dua mama yule.

KIJANA WA CHUKWANI

Mimi nimekulia hapa Chukwani, na wadogo zangu nao hawajui. Ya Barghash ilitumika mpaka alipofariki 1888, baada ya hapo ikaachwa. Babu alikuwa akituonesha upande ilikopita, nasi tulikuwa tunadhani anatutungia.

MCHUUZI WA NGUO, DARAJANI

Langu ni la karibuni na ni onyo kwenu. Tangu SGR ianze kwenda Dodoma, Julai 2024, mimi nimeacha basi. Chini ya saa 4 nimefika, nguo zangu hazijakunjika, na mgongo hauumi. Lakini mara ya kwanza treni iliniacha. Nilikata tiketi kwa simu nikapanga boti na treni kwa kubana, nikasema kutoka bandarini hadi stesheni ni mwendo wa miguu tu, nitawahi. Kusi likavuma, boti ikachelewa, nikafika natweta, geti limefungwa. Treni naiona kupitia kioo, bado imesimama, wala haikunisubiri. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu mzigo ulikuwa wa harusi ya watu.

Kwa hivyo acheni nafasi kubwa baina ya boti na treni. Bora mkalale Dar usiku mmoja. Kuna ukaguzi wa mizigo kama uwanja wa ndege, na kitambulisho kiwe mkononi.

MZANZIBARI WA LONDON

Nimefika London mwaka 2006, kazi yangu ya mwanzo ilikuwa usafi wa ofisi usiku, mitaa ya King's Cross. Kila alfajiri nikitoka napita mbele ya stesheni ya St Pancras, wakati huo imezungukwa na majukwaa ya mafundi na maturubai. Matofali mekundu, minara, utasema kasri. Nikamuuliza mzee mmoja wa Kijamaika tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja, wanajenga nini? Akanambia hawajengi, wanaiponya.

Nikatafuta habari zake, na hizi ndizo ninazotaka muzisikie. Ilifunguliwa 1868. Paa lake la chuma na vioo lina upana wa kama mita 73 bila ya nguzo hata moja katikati, na siku hizo halikuwa na mwenzake duniani. Miaka ya 1960 ilikuwa ibomolewe. Jirani yake, Euston, lango kubwa la mawe lilikuwa limeshavunjwa, watu wameumia roho na hakuna la kufanya. Safari hii wakasimama mapema. Mmoja wao mshairi, John Betjeman, akaandika, akasema, akasumbua wakubwa. Novemba 1967 ikawekwa daraja la kwanza la majengo yanayolindwa. Hata hivyo ilikaa imechoka miaka mingi. Kisha ikatengenezwa, na Novemba 2007 zikaanza kuingia treni za Ufaransa zinazopita chini ya bahari. Pale chini ya reli palikuwa ghala la mapipa ya bia, nguzo zimepangwa kwa vipimo vya mapipa. Leo ndipo wanapokaa abiria na watoto wao.

Nilikuwapo wiki ile ilipofunguliwa. Yule mshairi wamemtengenezea sanamu humo ndani: mzee mnene kavaa koti, mkono mmoja ameshika kofia isipeperuke, kainua uso analitazama paa. Niliposoma Mwenye Mada ulivyosimama Dar na mwanao anakuvuta mkono, nilimuona yeye.

Wenzetu walikuwa na jengo la kuokoa. Sisi reli ilishang'olewa, lakini Ngome ipo, imesimama. Kinachokosekana ni maneno ukutani.

MFANYAKAZI WA BANDARI

Nami nitie langu, maana hapa hapajasemwa reli ya Bububu iliishaje. Mwaka 1922 iliacha kubeba abiria. Barabara zimekuwa nzuri, magari yamezidi. Lakini haikung'olewa hapo hapo. Ilifanya kazi ya kubeba mawe ya kujazia bahari, kupata ardhi ya bandari yetu hii ya Malindi. Mwaka 1928 ndipo ikafungwa kabisa.

Nimefanya kazi hapa miaka 21, mzee mmoja aliyenitangulia ndiye aliyeniambia, na tangu siku hiyo nikitembea hapa nafikiria. Hao wanaoshuka na masanduku asubuhi kukimbilia boti waiwahi treni ya Dar, wanakanyaga mawe yaliyoletwa na treni yao wenyewe.

MWENYE MADA

Ndugu yangu, nimeisoma hii mara 3, na nimempigia simu mwanangu Dodoma nikamsomea. Alikaa kimya kidogo akaniuliza, "Baba, kwa hiyo siku ile tulipita juu yake?" Nikamwambia ndiyo, na masanduku yako.

Nimeamua hivi. Jumamosi hii baada ya sala ya alasiri nitakuwa mbele ya lango la Ngome na daftari langu na kamera ya mkononi. Tutatembea kutoka hapo tukielekea Malindi na bandarini, tuulize kila mzee tutakayemkuta barazani, kisha tuandike barua kuomba kibao, tuipeleke kwa wanaohusika na mambo ya kale. Anayeweza kuja aje. Mwenye picha ya zamani nyumbani aipige kwa simu ailete, asiitoe ile yenyewe.

KIJANA WA CHUKWANI

Nipo. Nitamleta na babu akiwa na nguvu siku hiyo. Ana miaka 84.

BI MKUBWA WA BUBUBU

Nami nitakuja. Nitapanda daladala ya 502, inapita huko huko alikopita bibi, nishuke Darajani niwafuate kwa miguu pole pole. Msianze bila yangu, na huyo babu muwekeeni kiti kivulini.