Keria ya kwenye ndege ni ya nani: aliyetangulia kupanda au aliyekaa chini yake?

Mgeni Njoo:
Wakuu salama? Naombeni tulijadili hili bila matusi maana kila nikipanda ndege naliona na kila mtu ana sheria yake kichwani. Zile kabati za juu ya siti, keria tuseme kama kwenye basi, ni za nani?

Juzi natoka Dubai kuja Dar, siti yangu iko mbele mbele, naingia nakuta kule juu kumejaa wakati watu wa safu yetu bado hata hawajakaa. Kumbe wanaokaa nyuma kabisa wanapita wanatupia mabegi yao kwetu halafu wanaenda zao mikono mitupu, wakishuka wanachukua na kusepa. Mimi begi langu likaenda kuwekwa nyuma huko, ndege ikitua inabidi nisubiri watu wote washuke ndio nirudi kulifuata. Na kilichonimaliza, kwenye kabati ya juu yangu kulikuwa na koti la suti limelazwa peke yake kama mgonjwa, hakuna anayethubutu kuligusa.

Msimamo wangu: begi moja la matairi juu, juu ya safu yako au jirani yake. Kipochi, begi la laptop na mfuko wa dyutifrii chini ya siti ya mbele yako. Koti linawekwa mwisho, juu ya mabegi. Anayeweka viwili juu kabla wenzake hawajapanda anakula nafasi ya mtu, tusizungushe maneno.

Kiti 31C:
Mkuu tiketi yangu imeandikwa siti, haijaandikwa kabati. Nioneshe wapi wameandika kabati ya juu yako ni yako. Mimi nalipia kupanda mapema kwasababu hiyo hiyo, sasa nikishapanda mapema nianze kukulindia nafasi wewe uliyekuwa bado unakunywa kahawa getini? Kwanza nikifika nyuma nikakuta kumejaa nani ataniruhusu kurudi mbele kupishana na watu mia kwenye ile njia? Naweka ninapoona nafasi.

Mgeni Njoo:
Sawa haijaandikwa. Hata egemeo la mkono halijaandikwa ila yule wa katikati tunamwachia. Halafu hujalipia keria ya mbele wewe, umelipia kupanda mapema, ukipanda mapema huko nyuma kuko tupu unatembea tu.

Pilau Bila Nyama:
Mnagombana abiria kwa abiria, wenye ndege wanacheka. Hii vurugu wameileta wao. American Airlines mwaka 2008 walianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza la chini, lile linaloenda buti ya ndege, wengine wakafuata, sasa unategemea nini? Kila mtu akahamia begi la mkononi. Mwaka 2010 shirika la Spirit la huko huko Marekani wakaona haitoshi, wakatoza na la mkononi lenyewe. Ulaya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishasema 2014 kwamba mzigo wa mkononi wenye ukubwa wa kawaida ni sehemu ya lazima ya safari, lakini mashirika ya bei chee yakaendelea tu, mpaka Hispania ikayapiga matano faini ya jumla ya euro milioni 179 mwezi wa 11 mwaka 2024, Ryanair na easyJet wakiwemo, nayo yakaipinga. Kwahiyo mjadala wa aliyewahi na aliyekaa chini ni mdogo. Waulizeni kwanini wanauza siti zote za ndege wakati wanajua mabegi ya hao watu wote hayaenei kule juu.

Mtu wa Kariakoo:
Hapo kwa pilau nakubali. Mimi nafuata mzigo Guangzhou, ekonomi unaambiwa kilo 7, begi lenyewe la matairi tupu ni karibu kilo 3, sasa nibebe nini, hewa? Ndio maana mnatuona na majaketi mazito Dar joto lote lile, mifukoni mna chaja. Shangazi kaja zote ziko chini nimezilipia, vinavyobaki mkononi ni vitu ambavyo siwezi kuvitupa chini: simu, na betri za akiba ambazo sheria yenyewe inakataza zisiende chini. Msituone wachoyo.

Dada wa Mawinguni:
Nilifanya hii kazi ya ndani ya ndege miaka kadhaa, niseme machache.

Wahudumu sio wapagazi. Tunakuonesha pa kuweka, tunasogeza, ila kukuinulia begi uliloshindwa kuliinua mwenyewe, hapana. Wenzangu wameumia mabega na migongo hivyo hivyo. Kama huliwezi, lilipie lishuke chini. Ndani ya kila kabati kuna kibandiko cha uzito wa mwisho, hakisomwi na mtu yeyote, na begi likidondoka wakati mtu anafungua anayeumia ni yule wa koridoni aliyekaa kimya anasoma gazeti lake.

Halafu kuna watu ambao kwenye hili bishano hawana mjadala kabisa: wa safu za milango ya dharura na wa safu ya kwanza ambayo haina siti mbele. Hao kwenye mashirika mengi hawaruhusiwi kuwa na kitu chochote miguuni ndege ikiruka na ikitua, hata kipochi, lazima kiende juu. Sasa ndugu yangu wa 31C ukimjazia mama wa safu ya kwanza begi lako unategemea kipochi chake akikalie? Na sio kila kabati ni ya abiria, nyingine zina vifaa vyetu vya dharura, tukisema toa hapa hatukuonei.

La mwisho, wima! Boeing 737 nyingi mpya zina kabati ambazo begi linasimama kwa ubavu, yanaingia sita pale yalipokuwa yanaingia manne. Mtu anakuja analilaza chali, nafasi ya wawili imeondoka.

Msafiri Nairobi:
Dada umesema. Na muangalie mkiunganisha ndege. Kenya Airways ekonomi ni kilo 12, Emirates ni 7, mtu anaondoka nyumbani akijua yuko sawa anafika geti la pili anavuliwa begi mbele ya watu. Zile ndogo za panga, ATR na Q400, usijisumbue, kabati zake hazimezi begi la matairi, linachukuliwa pale kwenye ngazi. Ila kabla hujalitoa, chomoa pawabanki na laptop!

Pilau Bila Nyama:
Pawabanki hata juu siku hizi usiweke. Ile Airbus ya Air Busan iliungua Korea Kusini Januari 2025 ikiwa bado uwanjani, moto ukaanzia kabati ya juu, na Machi Korea wakapiga marufuku kuziweka kule. Emirates nao tangu Oktoba 2025 unabeba moja tu, hutumii ndani ya ndege, na inakaa mfuko wa siti au chini yake.

Kiti 31C:
Mada keria, mshafika kwenye moto.

Dada wa Mawinguni:
Ni hiyo hiyo mada kaka. Dubai 2016 ndege inaungua watu wanafungua kabati kutafuta mabegi, video zipo. Bahati abiria wote walitoka, akafariki mzimamoto mmoja. Uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2024 watu wote 379 wa ndege ya Japan Airlines iliyoungua walitoka, mizigo wakaiacha. Wewe ambaye begi lako liko safu 20 mbele yako, siku hiyo utaanza kulifuata?

Kiti 31C:
Siku hiyo sifuati kitu dada, usinizulie. Ila hujajibu swali langu, nikifika 31 nikakuta kumejaa?

Dada wa Mawinguni:
Unaniita. Nashusha makoti na mifuko, nasimamisha yaliyolazwa, mara nyingi nafasi inapatikana. Ikikosekana kabisa ndio tunarudi mbele, mimi na wewe, na tunaanza na safu ambazo watu wake wamekwisha kukaa, sio kuwawahi ambao bado hawajafika.

Mtu wa Kariakoo:
Na mimi nauliza, kulisogeza begi la mtu usiyemjua inaruhusiwa? Maana nilisogeza moja kidogo tu, yule baba alinitazama mpaka tunatua.

Mgeni Njoo:
Kusogeza pembeni ruhusa, ila sema "samahani la nani hili" kwa sauti watu wasikie. Kulishusha chini au kulihamishia kabati nyingine, hapo muite mhudumu.