Nembo ya simba kwenye viti vya Peugeot 504 vilivyovikwa leza upya: gundi au kutoboa?

Simba504
Wakuu, salaam. Viti vya mbele vya 504 saluni vimevikwa leza nyeusi upya hapa Nyakato, Mwanza, kava limeshavutwa na kufungwa. Kuna nembo mbili za simba, aloi ya zinki yenye kromu, kila moja ina vijiti viwili nyuma: unene 3 mm, urefu 12 mm, havina thredi. Nataka zikae juu ya mgongo wa kiti, upande wa kuegemea. Fundi anasema avikate vijiti apige gundi ya viatu. Gari linashinda juani Capri Point. Itashika? Na tukitoboa, leza haitachanika?

Nyundo_Igoma
Asikate! Akishakata huna tena pa kushikia. Leza ina mafuta ya kuilainisha ambayo hutoka polepole hadi juu, na joto la gari lililofungwa vioo huyaharakisha. Yanalegeza gundi ya viatu, yanalegeza na tepu ya pande mbili. Kona ikiinuka inakamata shati la abiria, nembo inang'oka. Super glue ndiyo usiguse kabisa: inaacha ukungu mweupe na kuikausha leza pembeni ya nembo, halafu inapasuka palepale.

KavaNaSponji
Kutoboa ndiyo njia, ila alama inawekwa kava likiwa limevutwa, tundu linatobolewa kava likiwa limelegea. Ukipima kava likiwa mezani, likivutwa nembo inahama. Na leza mpya iache kwanza siku kadhaa ikae juani ijinyooshe.

Katikati usiipime kwa mishono, fundi anaweza kuwa ameshona upande. Pima kutoka kwenye fremu, au matundu ya egemeo la kichwa kama kiti chako kinalo, kisha nyoosha uzi kutoka kiti hadi kiti uone kama nembo ziko usawa mmoja. Bandika tepu ya karatasi, paka ncha za vijiti dawa ya viatu, gandamiza: umepata alama mbili sahihi.

Sasa fungua pete za waya chini ya mgongo wa kiti tu, kunja kava kwenda juu kama unavua fulana. Tundu litobolewe kwa panchi ya mshona viatu (kitoboleo cha duara) ya 2.5 mm, si kisu wala kiwembe. Mkato wa kisu una ncha mbili na leza huendelea kuchanika kutoka kwenye ncha; tundu la duara halina pa kuanzia. Kijiti cha 3 mm kitaingia kwa kubana, ndivyo inavyotakiwa.

Nyuma ya leza weka kipande cha turubai, juu yake plastiki ya 2 mm (ndoo ya rangi inafaa) iliyoizidi nembo 10 mm kila upande, pembe zimeviringwa. Hiyo plastiki ndiyo inayobeba mzigo, leza inashikilia tu. Kwa vijiti visivyo na thredi tumia zile nati za bati zenye meno katikati, zinaingia hazirudi. Nunua za akiba, ukiitoa imeshaharibika. Sukuma hadi leza iguse nembo, basi. Ukizidisha, mikunjo inatawanyika pande zote. Kijiti kinachobaki kikate kwa msumeno uache 2 mm, piga tupa, funika kwa turubai nyingine, vinginevyo kitakula sponji. Chonga sponji 6 mm tu mahali pa plastiki ili kiti kisivimbe.

Chuma cha kawaida na unyevu wa ziwa hapa kwetu havipatani. Wauza vifaa vya injini za boti Kirumba waulizie nati zisizoshika kutu.

Bibi_Cherehani
KavaNaSponji kasema vizuri, ila mnamsahau anayeegemea. Chuma kati ya mabega, safari ya kutoka Mwanza hadi Bunda? Upande wa mbele weka darizi. Lakini darizi hufanyika kipande kikiwa bapa, kabla ya kushonwa kava, kwa hiyo kwako ni kufumua. Uzi uwe wa polista, sindano namba 14, nafasi ya nyuzi isipungue 0.5 mm. Zikibanana zaidi zinaitoboa leza kama stempu na simba mzima anachomoka.

Simba504
Shukrani sana. Kufumua hapana. Vipi nyuma ya mgongo wa kiti, wanakotazama abiria wa nyuma?

KavaNaSponji
Ni rahisi zaidi. Kama ndani kuna hadibodi, toboa hadi upande wa pili kwa drili ya 3 mm, nati zikae nyuma ya ubao, plastiki haihitajiki. Weka juu ya usawa wa magoti, na kona kali za nembo zipigwe tupa. Watoto hugonga nyuso hapo gari likifunga breki.

Kamanga_2
Kijiti kimoja kikivunjika je? Naweza kutoboa nembo niweke skrubu?

Nyundo_Igoma
Nembo yenyewe ni nyembamba, drili itatokea usoni kwa simba. Kwangua mgongo wake kwa msasa namba 80 hadi kromu iishe, bandika kwa epoksi ya mirija miwili ukanda wa shaba wenye meno, acha ikauke hadi kesho yake. Meno ya shaba unayapitisha kwenye matundu na kuyakunja nyuma. Vijiti vya zinki usijaribu kuvikunja hata kidogo, vinakatika kama chaki. Na mkimaliza, leza isifutwe kwa thina wala petroli. Maji na sabuni tu.