Foku ya baiskeli ya milimani: kuifuta tu, kufungua miguu nyumbani, au kumpelekea fundi?

Njia_ya_Mawe
Wakuu, habari za wakati huu. Foku yangu (uma wa mbele wenye shokapu) ni ya hewa, mirija kipenyo milimita 35. Msimu mzima wa mvua nimeipanda bila kuigusa zaidi ya kuifuta. Siku hizi kila kijiwe nakisikia mikononi, na nikikandamiza usukani polepole inagoma kwanza, halafu inashuka kwa kushtuka. Naona njia tatu: niendelee kufuta na kudondoshea oili kwenye sili (mipira inayozuia vumbi), nifungue miguu ya chini (ganda la nje ambamo mirija inaingia) mwenyewe, au niipeleke kwa fundi ifanywe yote. Spana ninazo, nyundo ya mpira ninayo, uzoefu sina. Ninyi mngefanyaje?

Kipepeo29
Kufuta ni usafi, mkuu, si huduma. Na oili ya kudondoshea juu ya sili inashika vumbi, ukikandamiza vumbi linaingia nayo. Mimi nafuta kwa kitambaa kila nikirudi, basi.

Mama_Pedeli
Fungua miguu, mdogo wangu. Huko kugoma mara nyingi ni sponji zilizo chini ya sili za vumbi kukauka. Hizo ndizo zinazoupaka mrija oili kila foku inaposhuka na kupanda. Zikikauka, mrija unasugua bushi (pete za ndani ambamo unateleza). Watengenezaji wa foku RockShox wanataka miguu ifunguliwe kila baada ya saa 50 za kupanda, Fox wao saa 125 au mara moja kwa mwaka. Ukipanda saa nne kwa wiki, hizo 50 zinaisha ndani ya miezi mitatu hivi.

Yangu nilipoifungua mara ya kwanza, upande wa dampa (kifaa cha oili kinachotuliza mtikisiko) ilitoka oili kama kijiko kimoja, ya kijivu mithili ya maji ya simenti. Upande wa hewa hakikutoka kitu. Sponji ilikuwa imegandana na tope hadi nikaidhania kipande cha mpira. Na nje foku ilikuwa inang'aa!

Toa gurudumu na kalipa ya breki, viweke mbali kabisa, maana tone la oili likiingia kwenye padi umezipoteza. Andika presha ya hewa ya foku, kisha toa hewa YOTE. Kabla ya hapo bolti za chini usiziguse. Upande wa ribaundi (udhibiti wa kasi ya foku kurudi juu) vua kwanza kile kirungu cha kurekebishia. Legeza bolti mizunguko mitatu au minne bila kuzitoa, uzigonge kwa nyundo ya mpira mpaka zizame. Hapo vyuma vya ndani vinaachia. Sasa zitoe, vuta miguu. Ndani safisha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, umekizungushia kwenye kijiti. Loweka sponji kwenye oili, sili zipake grisi ya shokapu kidogo. Rudisha miguu nusu, iinamishe foku, mimina oili kupitia matundu ya bolti, sukuma hadi mwisho, funga kwa washa mpya.

Kiasi cha oili soma kwenye jedwali la mtengenezaji, kwa modeli yako na mwaka wake, upime kwa bomba la sindano. Usikisie. Ikizidi inakula nafasi ya hewa ndani ya mguu, foku inakuwa ngumu mwishoni, na sili zinaweza kusukumwa nje.

Rafu_na_Tope
Mimi nasafishia petroli na kupaka grisi ya beringi. Haijawahi kunisumbua.

Mama_Pedeli
Kaka, petroli inavimbisha mpira wa sili, na grisi ya beringi ni nzito mno, inaifanya foku izembee. Tumia spiriti ya isopropili, ikauke ndipo upake. Sili zikianza kuvuja utakumbuka ile petroli.

Saa_Hamsini
Nakubaliana na dada kuhusu miguu, ila usiendelee mpaka kwenye dampa. Miguu ya chini ni kulainisha tu. Dampa ni haidroli, inajazwa bila kubakiza hewa. Nilijaribu ya kwangu. Baada ya kufunga ikawa inatoa mlio wa kunyonya kila inaporudi, na sentimita mbili za kwanza ribaundi haikuwepo kabisa. Ilibidi fundi aifungue upya atoe hewa. Tangu siku hiyo miguu nafanya mwenyewe, dampa nampelekea.

Na kabla hujanunua oili, angalia bushi. Shika breki ya mbele, weka vidole pale mrija unapoingia kwenye sili, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mrija unacheza, kazi hiyo ni ya fundi moja kwa moja, kwa sababu kutoa bushi na kuziweka kwa kipimo kunahitaji vifaa maalumu.

Njia_ya_Mawe
Asanteni sana. Bushi nimeziangalia, hakuna kucheza. Nimefungua leo asubuhi: kulia oili chafu kidogo, kushoto pakavu kabisa, kama alivyosema dada. Mirija nimeipitishia ukucha kuanzia juu hadi chini, haina mkwaruzo. Sponji zimeloweka tangu mchana. Washa mpya zinafika kesho, kwa hiyo miguu iko mezani, nimeifunika kwa kitambaa isiingie vumbi.