Mjadala: Mvutaji wa sigara afukuzwe kila mahali, au atengewe pake?

Mleta mada, Mikindani

Wiki iliyopita nilikuwa stendi moja ya huku kwetu nasubiri gari la Masasi. Nikasogea pembeni, nyuma ya kibanda cha vocha, nikawasha fegi yangu. Haijafika nusu, kijana wa kizibao cha njano kanijia: "Mzee, hapa hairuhusiwi." Nikamuuliza, inaruhusiwa wapi? Akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Hapa tu ndipo hairuhusiwi." Nikazima. Nikavuka barabara. Huko nako mwenye duka akanambia nisimfukizie wateja. Sigara yenyewe alikuwa ameniuzia yeye, dakika kumi nyuma, moja moja kutoka kwenye paketi iliyofunguliwa.

Najua mtasema najitetea. Sawa, najitetea. Nimevuta tangu 1989, enzi za safari ya Dar kulala njiani, gari limezama tope Nyamwage au mko foleni ya panton pale Ndundu mnasubiri kuvuka Rufiji. Dereva alivuta, konda alivuta, na mama mwenye kichanga kazi yake ilikuwa kufungua dirisha. Siku hizo sitaki zirudi. Daraja la Mkapa likafunguliwa hapo Rufiji 2003, na mwaka huohuo ikatungwa Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku. Rais aliyekuwepo ni Mkapa huyohuyo, mtoto wa Lupaso kule Masasi, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia sheria imeletwa na wageni wasiotujua.

Na mimi sheria hiyo siipingi. Inazuia kuvuta penye mkusanyiko wa watu, inazuia kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18. Ila ina upande wake wa pili: inaruhusu kutengwa sehemu ya wavutaji. Upande huo ndio umelala. Mabango ya "Usivute sigara" nimeyasoma mengi, lakini la "Vuta hapa" kuanzia Mikindani mpaka Lindi sijaliona.

Tumbaku inalimwa Urambo, inalimwa Chunya, inalimwa hapo jirani Namtumbo. Kila bajeti ikisomwa mwezi wa sita, sisi tunatazama sigara imepanda shilingi ngapi. Hela yetu inapokelewa bila kufungiwa pua. Basi ama tutengewe petu, ama ipigwe marufuku moja kwa moja tujue moja. Karibuni.

Dereva, Newala

Sigara ni sumu. Mada ifungwe.

Mleta mada

Mjomba, pombe nayo ni sumu, na ina baa zenye taa za rangi.

Mama Ntilie, Chikongola

Shikamoo baba. Nimekusoma mpaka mwisho, na pale ulipovuka barabara nilikaribia kukuonea huruma.

Sasa nisome na mimi. Nauza wali na samaki, banda langu lina meza nne. Mteja akishiba anaagiza chai, chai ikija anawasha. Yeye ni dakika tano, anajifuta mdomo anaondoka. Anakaa mwingine, naye anawasha. Kufika saa kumi jioni nimevuta za watu kumi na wawili na mkononi sijashika hata kipisi. Nikimwambia mtu atoke nje, anatoka kweli, anakwenda banda la pili, na kule samaki ni yuleyule wa Msangamkuu. Nikisema nakosa mteja, nikinyamaza usiku mwanangu mwenye pumu anakohoa mpaka alfajiri na mimi nguo zangu zinanuka kama za muuza baa.

Kwa hiyo mimi sitaki uvumilivu wala ustaarabu, hayo nimeyaomba miaka sita. Nataka mabanda yote yakatazwe siku moja, kwa faini moja, ili mteja akitoka kwangu asiwe na jirani wa kumkimbilia. Aliyeniambia "weka bango lako mwenyewe" hajawahi kuuza chakula.

Mleta mada

Marahaba mwanangu. La jirani sikulifikiria, nakiri. Ila nikuulize bila ubaya: na moshi wa kuni zako? Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024, inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Wametunga hivyo kwa sababu moshi huo nao unaua. Mbona hatukufukuzi wewe?

Mama Ntilie, Chikongola

Moshi wangu unapika wali unaokula wewe. Wa kwako unapika nini?

Na gesi, baba, usinichokoze. Inachimbwa Mnazi Bay tunaiona, inasafishwa Madimba tunaiona, inaingia bombani inakwenda Dar. Mimi najaza mtungi dukani kwa bei ya dukani. Siku nikiunganishiwa bomba nazima kuni asubuhi yake. Wewe utazima lini?

Fundi cherehani, Nachingwea

Mzee kaulizwa hapo. Tunasubiri.

Mkulima wa korosho, Tandahimba

Ninyi mko kwenye mapafu. Mimi niko kwenye mikorosho.

Mwaka juzi mwezi wa nane niliweka vibarua wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho. Mnajua shamba linavyokuwa wakati ule: majani makavu yamejaa chini, kusi linavuma, mkorosho umeanza kutoa maua. Na salfa yenyewe inashika moto. Mmoja wao akapumzika, akavuta, akatupa kishungi. Hakukusudia. Tulichokiona kwanza ni moshi mwembamba tu, tukadhani mtu anachoma ukoka shamba la pili. Tulipofika tulikuwa na majembe na matawi mabichi, maji hakuna. Mikorosho thelathini na moja. Mingine aliipanda babu, mizizi yake naijua kama ngazi za nyumbani.

Aliyetupa ni shemeji yangu. Kikao cha ukoo kimekaa mara mbili. Mjomba wetu mkubwa akaamua tusameheane, maana hana cha kulipa, na akilipa atamnyima dada yangu chakula. Nimesamehe. Lakini mche hata uwe ule bora wa kituo cha utafiti cha Naliendele, utanidai miaka kama mitatu kabla haujanipa kitu cha kupeleka mnadani. Hiyo miaka mitatu nani ananilipia?

Kwa hiyo sheria ya shamba langu iko wazi. Fegi unaiacha kwenye baiskeli barabarani. Kuna vibarua wawili wamekataa kazi yangu kwa sababu hiyo, wakasema nawanyanyasa. Waende kwa wasio na mikorosho.

Mleta mada

Pole sana ndugu yangu. Kwenye majani makavu sina hoja. Hata mimi nikienda shamba navutia uani, kabla sijatoka.

Bodaboda, Masasi

Shikamooni wakubwa. Mimi sivuti, ila hilo la "ipigwe marufuku tujue moja" linanitisha. Afrika Kusini walijaribu wakati wa korona, wakazuia kuuza sigara kuanzia mwisho wa Machi mpaka Agosti 2020. Watu hawakuacha, walinunua kwa magendo kwa bei ya kuruka. Bhutan walizuia kuuza tumbaku tangu 2004, na 2021 wakalegeza wenyewe, maana watu walikuwa wanaipitisha mpakani kutoka India.

Sasa sisi tuna mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Pale kwenye Daraja la Umoja kuna forodha na askari, ila mto si daraja peke yake. Kiangazi kuna mahali maji yanafika gotini. Zuieni sigara leo, keshokutwa vijana wenzangu wanabeba maboksi usiku badala ya abiria mchana, na hakuna anayemuuliza mteja umri.

Nesi mstaafu, Lindi

Mwanangu wa Masasi, kuzuia kuna namna nyingi. Maldivi tangu Novemba 2025 aliyezaliwa kuanzia Januari 2007 hauziwi tumbaku, maisha yake yote. Mzee anayevuta wamemwacha na sigara yake. Nyuzilandi walitunga sheria ya namna hiyo 2022, serikali mpya ikaifuta 2024 kabla haijaanza kumgusa mtu. Kwa hiyo ubishi huu hauko kwenu tu.

Mleta mada, shikamoo kaka. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, sitakuhubiria. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kwa tumbaku kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawajavuta, wamevutishwa. Huyo dada wa Chikongola yuko kwenye hesabu hiyo. Hilo moja.

La pili ni hizo sigara za moja moja. Onyo limeandikwa kwenye paketi. Mtoto anayenunua kimoja hajawahi kuiona paketi. Mkizungumza haki, zungumzeni na hilo.

La tatu ni swali, nijibu kwa ukweli kama ungenijibu wodini: umejaribu kuacha mara ngapi?

Mleta mada

Mara nne. Mbili kati ya hizo zilikuwa Ramadhani.

Ustadhi, Kilwa Masoko

Hapo hapo tushike. Ramadhani unakaa saa kumi na tatu na ushee bila kuvuta, kwenye jua la Mtwara, na hujafa. Iweje ukisubiri gari la Masasi dakika arobaini lazima utengewe chumba?

Mleta mada

Ustadhi, wewe umekaa na wavutaji saa kumi na moja jioni ya Ramadhani? Nyumba nzima inanyata. Na adhana ikilia wapo wanaotangulia fegi kabla ya tende, ninawajua, siku nyingine nimekuwa mmoja wao. Saa kumi na tatu zile ni ibada na ni fahari, kila mtu mtaani amefunga na mimi. Stendi nimefunga peke yangu na mwenye duka ananiuzia.

Lakini nesi, umenishika. Mtu aliyejaribu mara nne kuacha anapodai "haki yake", sijui nusu ya dai ni lake na nusu ni la nikotini. Hilo nitalala nalo.

Mwalimu, Ruangwa

Kwa kuwa neno haki limetajwa sana: Katiba ibara ya 30 inasema uhuru wa mtu hautumiki kwa namna ya kukatiza haki za wengine au maslahi ya umma. Haki ya kuvuta popote haimo. Ila mzee ana hoja kwenye utekelezaji. Mnakumbuka shisha ilivyopigwa marufuku 2016, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, mtu wa hapa kwetu, akaisemea mwenyewe. Amri ilitikisa wiki kadhaa. Leo pita ufukweni Jumamosi usiku halafu uniambie umenusa nini. Tunajua kukataza. Kupanga na kusimamia ndiko tunakochoka.

Mleta mada

Basi nishuke bei. Mabanda ya chakula yafungwe yote, namkubalia mwanangu wa Chikongola, hata pawe na faini. Mashamba, mwenye shamba ndiye msemaji. Sigara za moja moja zikatazwe, japo mfukoni zitaniuma mimi kwanza. Nabakiza kitu kimoja tu: kila stendi iwe na sehemu moja, mbali na watu, yenye ndoo ya mchanga ya kuzimia. Hata hiyo niliyofukuzwa, nyuma ya choo cha kulipia kuna mwembe mkubwa, hakai mtu pale. Waweke benchi.

Mama Ntilie, Chikongola

Mwembe ule naujua, baba. Wanangu wanasoma shule ya karibu na hapo. Jua la saa saba watoto wote wanaotoka shule wanakaa chini yake kusubiri lipoe. Tafuta pengine.

Mleta mada

Pengine wapi?