Pumu inayobana kabla ya hedhi: ni homoni, mkaa au vumbi?

Mwana_Tanga: Wakuu, naomba msaada. Mke wangu ana miaka 31, pumu ilimwanza baada ya kuvunja ungo. Siku tatu nne kabla ya hedhi kifua kinaanza kulia, na pampu ya bluu anaivuta usiku mara mbili hadi tatu. Tunapikia mkaa. Kisababishi ni homoni au mazingira? Nianzie wapi?

Kifua_Salama: Mkuu, huenda vyote viwili. Utotoni pumu huwapata zaidi wavulana. Baada ya balehe wanawake ndio wanakuwa wengi. Siku za mwisho za mzunguko homoni za kike, estrojeni na projesteroni, hushuka, na kwa baadhi yao njia za hewa huwa nyepesi kushtuka. Moshi uleule aliouvumilia wiki iliyopita sasa unambana.

Ila kwanza muulize shemeji anameza nini tumbo likimkata. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hubana kifua cha baadhi ya wenye pumu, mara nyingi kati ya dakika 30 na saa 3 baada ya kumeza. Hedhi inabeba lawama kumbe ni kidonge! Kwa wengi wao parasetamoli ni salama zaidi.

Pili, tafuteni kipima pumzi (peak flow meter), kifaa kidogo cha kupuliza kinachoonyesha kwa namba nguvu ya pumzi. Apulize akiwa amesimama, mara tatu, mwandike namba kubwa kuliko zote, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Fanyeni hivyo kwa mizunguko mitatu, mkiweka alama siku ya kwanza ya hedhi, siku za moshi mwingi na kila kidonge. Namba zikishuka kabla ya hedhi tu, homoni zinahusika. Zikishuka hata katikati ya mwezi, tazameni nyumba.

Tatu, pampu ya bluu inafungua njia tu, uvimbe wa ndani inauacha palepale. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, shirika la kimataifa la pumu, hautaki mtu mzima aitegemee hiyo peke yake. Kuivuta usiku mara tatu ni dalili kwamba anahitaji pampu yenye steroidi, yaani dawa ya kupunguza huo uvimbe, daktari amwandikie. Akishavuta asukutue mdomo na kutema, la sivyo anaweza kupata fangasi za mdomoni.

Bi_Usafi: Naongezea la nyumbani. Pwani kuna unyevu, na utitiri wa vumbi, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, unaupenda. Makao yake ni godoro na mito, hasa ya sufi kuukuu. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Kuanika godoro juani kunasaidia, lakini kinyesi cha utitiri kinabaki na ndicho kinachochokoza, kwa hiyo livisheni mfuko wa zipu. Mkaa uwasheni nje. Ukishakolea bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, msiuingize chumba kilichofungwa. Dawa ya mbu ya kuchoma acheni, tumieni chandarua.

Mwana_Tanga: Asanteni sana. Tunatarajia mtoto mwakani. Akishika mimba aache pampu?

Kifua_Salama: Asiache kabisa. Takriban theluthi ya wajawazito wenye pumu huzidiwa, theluthi hupata nafuu, waliobaki hawabadiliki. Pumu isiyodhibitiwa humnyima mtoto oksijeni, na anaweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Mwambieni daktari mapema. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, avute pampu ya bluu mara moja kila baada ya sekunde 30 hadi 60, isizidi mara 10, huku mkiwa tayari njiani kwenda hospitali.